Fizikia ya darasani na mizani ya mpakani: Kwa nini mfanyabiashara aulize mwanawe anasoma nini

KATIKA masoko ya mipakani, iwe Busia, Mutukula, Sirari au Namanga, ugomvi wa zamani kuliko wote ni ugomvi wa kipimo. Muuzaji amezoea debe, mnunuzi anataka kilo. Huku ni gorogoro, kule ni kisado, na gunia la lumbesa limeshonewa kofia juu mpaka halijulikani lina nini ndani. Kila upande unaondoka ukiamini umepunjwa.

Mara nyingi hakuna aliyemwibia mwenzake. Debe hupima ujazo, yaani nafasi ambayo mzigo unaijaza. Mizani hupima wingi wa mzigo wenyewe. Debe la mahindi na debe la maharage, au la punje kubwa na la punje ndogo, hujaza nafasi ileile lakini kilo zake hazilingani. Tofauti hiyo hufundishwa katika wiki za mwanzo za somo la fizikia, na mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuieleza kwa dakika tano akiwa na kopo, maji na mizani.

Ndiyo sababu mjadala unaoendelea sasa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu nani asome fizikia, na aisome vipi, hauwahusu walimu peke yao. Unawahusu pia watu wanaovuka mpaka kila juma na mizigo yao, maana wao ndio wanaolipa karo, na wao ndio wanaolipa hasara pale hesabu ya mzigo inapokosewa.

Mwaka wa kuchagua

Nchini Kenya, kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilifanya mtihani wa kumaliza sekondari ya msingi, KJSEA, mwishoni mwa 2025, na hatua inayofuata ni Gredi ya 10 katika sekondari pevu. Hapo mwanafunzi huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Hisabati ilirudishwa kuwa ya lazima kwa wote mwaka 2025 baada ya malalamiko ya umma. Fizikia haikupata bahati hiyo. Inabaki somo la hiari ndani ya njia ya sayansi. Mwanafunzi asiyeichagua hukutana nayo mara ya mwisho katika somo la sayansi jumuishi, Gredi ya 7 hadi ya 9.

Mfumo wa zamani wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa kidato cha nne umepangwa kufanywa mwaka 2027, uliwataka wanafunzi wote wasome fizikia kidato cha kwanza na cha pili kabla ya kuamua kuendelea nayo au kuiacha.

Uganda imeshika njia tofauti. Mtaala wake mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, na ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa UCE mwaka 2024, umeiweka fizikia kuwa ya lazima mpaka mwaka wa nne. Zaidi ya hapo, kazi za mradi na tathmini ya darasani huchangia asilimia 20 ya alama. Kwa maneno mengine, mtoto wa Busia upande wa Uganda hawezi kuikwepa fizikia kabla ya kumaliza sekondari ya chini, lakini mwenzake wa Busia upande wa Kenya, mita chache kutoka hapo, anaweza.

Tanzania kwa miaka mingi imetumia utaratibu unaofanana na ule wa zamani wa Kenya: vidato viwili vya mwanzo wote wanasoma, kisha kidato cha tatu wanagawanyika. Mtaala uliotokana na sera ya elimu toleo la 2023, ambao ulianza kutumika 2024, umeongeza mkondo wa amali kwa wanaotaka ufundi. Rwanda iliingia katika mtaala wa umahiri mwaka 2016, na wanafunzi wake husoma fizikia katika miaka mitatu ya mwanzo ya sekondari. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufundisha somo hilohilo kwa Kifaransa.

Kwa mzazi mwenye duka upande mmoja na familia upande wa pili, tofauti hizi zina uzito. Ibara ya 11 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuana vyeti vya elimu na vya taaluma. Hata hivyo, mtoto anayehama bado hulazimika kupeleka vyeti vyake vikalinganishwe, NECTA kwa Tanzania au UNEB kwa Uganda, na mtoto aliyeacha fizikia Gredi ya 10 hawezi kuingia darasa linaloihesabu kuwa ya lazima bila kuanza kukimbizana na miaka iliyompita.

Somo ni lile lile

Lililo zuri ni kwamba fizikia yenyewe haina uraia. Ukifungua vitabu vya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Kigali utakuta mada zilezile: upimaji, kani, kanieneo, mashine nyepesi, kazi na nishati, joto, mwanga, mawimbi, sumaku na umeme. Kilo ya Bujumbura ni kilo ya Juba. Volti haibadiliki inapogongewa muhuri wa uhamiaji.

Swali ni je, mada hizo zina faida gani kwa mtoto ambaye kesho atarithi duka, lori au kibanda cha nafaka? Mifano minne ya biashara za kila siku inatosha kujibu.

Lita si kilo

Mfano wa kwanza ni mafuta ya kupikia. Mada ya densiti humfundisha mwanafunzi kugawanya tungamo kwa ujazo. Lita moja ya maji ina takriban kilo moja. Lita moja ya mafuta ya kupikia ina takriban gramu 920. Kwa hiyo dumu la lita 20 likijazwa mafuta lina kilo 18.4, si 20.

Mfanyabiashara anayelipa bei ya kilo 20 kwa dumu la lita 20 amepoteza kilo 1.6 kabla ya kulipandisha kwenye gari. Madumu 100 ni kilo 160. Asali huenda upande wa pili: lita moja hukaribia kilo 1.4, hivyo dumu la lita 20 lina kama kilo 28. Anayeuza asali yake kwa bei ya "dumu la kilo 20" anagawa kilo nane bure.

Maziwa nayo hupimwa kwa kanuni hiyohiyo. Kifaa kinachoelea kwenye maziwa, laktomita, hufuata kanuni ya Archimedes: kadiri kimiminika kinavyokuwa chepesi, ndivyo kifaa kinavyozama zaidi. Maziwa halisi ya ng'ombe yana densiti ya karibu 1.03 ya maji. Yakitiwa maji, kipimo hushuka. Ila mwanafunzi aliyefundishwa vizuri anajua pia mahali kifaa kinapodanganywa. Kuondoa malai hupandisha densiti, kutia maji huishusha, na mjanja anayefanya yote mawili anaweza kuirudisha palepale. Hivyo laktomita peke yake haitoshi kumaliza ubishi.

Unyevu unaokula magunia

Mfano wa pili ni mahindi, zao ambalo limewahi kufunga mipaka. Machi 5, 2021, Kenya ilitangaza kusitisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Siku chache baadaye ilifungua tena kwa masharti, likiwemo cheti kinachothibitisha kuwa aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Katika siku hizo chache, malori yalipanga foleni na waliokuwa wamekopa mtaji waliona riba ikiendelea kukua barabarani.

Kuvu ni habari ya somo la baiolojia. Lakini kinachoipa nafasi ya kuota ni unyevu, na kukausha ni fizikia. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Mada ya joto na uvukizi inaeleza mambo manne yanayoharakisha ukaukaji: joto, upepo, eneo lililo wazi, na ukavu wa hewa. Mahindi yaliyotandazwa kwa tabaka jembamba juu ya turubai hukauka haraka kuliko yaliyorundikwa, hata jua likiwa lilelile. Yaliyofunikwa kwa nailoni jioni bila pumzi hurudishiwa mvuke wake mwenyewe, ukagandia ndani ya nailoni na kudondoka tena juu ya punje. Na sumu ikishaingia, kukausha hakuiondoi. Kunazuia tu isiongezeke.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi huipuuza. Chukua tani 10 za mahindi yaliyonunuliwa shambani yakiwa na unyevu wa asilimia 18. Ndani yake mna kilo 8,200 za mahindi makavu kabisa, zilizobaki ni maji. Yakikaushwa mpaka asilimia 13.5, kilo hizo 8,200 zinakuwa sehemu 86.5 kati ya 100 za mzigo mpya. Gawanya, utapata karibu kilo 9,480. Kilo 520, zaidi ya magunia matano ya kilo 100, zimepaa hewani. Hakuna mwizi wala panya. Mnunuzi asiyeijua hesabu hii humfukuza mlinzi wa ghala, ilhali alipaswa kuipunguza bei pale shambani.

Hata mashine ndogo ya kupimia unyevu inayotumika kwenye maghala hutegemea umeme. Maji hubadilisha jinsi nafaka inavyopitisha au kuhifadhi umeme, na mashine husoma mabadiliko hayo. Ikipewa nafaka yenye joto kali kutoka juani, au ikiwekwa kwenye alama ya zao jingine, inaweza kutoa jibu lisilo sahihi. Anayejua inavyofanya kazi ataomba kipimo kirudiwe badala ya kukubali bei ya kwanza.

Nusu mita iliyogharimu faini

Mfano wa tatu uko kwenye mizani ya barabarani. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2013 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima lenye ekseli saba. Lakini wengi hukamatwa kwa uzito wa ekseli moja hata kama jumla iko sawa. Ekseli moja yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10, na ile ya usukani tani nane.

Mwanafunzi aliyesoma wenzo, yaani ule mti wa bembea wenye egemeo, anaweza kueleza jambo hili kwa kuchora. Chukua lori la ekseli mbili zilizoachana mita tano. Likiwa tupu, kila ekseli inabeba tani tatu. Linapakiwa magunia 85 ya kilo 100, yaani tani 8.5. Kitovu cha mzigo kikiwa mita nne nyuma ya ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma hupokea nne ya tano ya mzigo: tani 6.8. Ukijumlisha na tatu za gari lenyewe, ni tani 9.8. Lori linapita.

Sasa wapakiaji walikuwa na haraka, wakarundika magunia mengi mkiani. Kitovu kimesogea nusu mita tu. Ekseli ya nyuma inapokea tani 7.65, na jumla yake ni tani 10.65. Magunia ni yaleyale 85, gari lote lina tani zilezile 14.5, lakini ekseli imezidi kwa kilo 650. Dereva ataapa hajaongeza hata kilo moja, na atakuwa anasema kweli. Hata hivyo mizani haijakosea.

Kwa nini sheria iwe kali kwa kilo mia chache? Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Uzito ukiongezeka maradufu, uharibifu huongezeka kama mara 16. Kutoka tani 9.8 hadi 10.65 ni nyongeza ya chini ya asilimia tisa, lakini lami inaumia kwa karibu asilimia 40 zaidi. Mashimo yanayovunja springi za malori ya wafanyabiashara huchimbwa kwa sehemu kubwa na ekseli zilizozidishiwa.

Plagi, fyuzi na sola ya uongo

Mfano wa nne ni vifaa vya umeme, bidhaa zinazovuka mipaka kwa wingi. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia sana plagi kubwa ya pini tatu bapa, ambayo ndani yake mna fyuzi. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi plagi za pini za mviringo, ambazo hazina fyuzi ndani. Muuzaji wa pasi na birika za umeme anayetoka Kampala kwenda Kigali anajua lazima abebe adapta. Wachache wanajua kwamba plagi ikibadilishwa, kinga ya waya imebadilika pia.

Mada ya umeme inatoa kanuni moja fupi: wati ni volti mara ampea. Birika la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 240 huvuta ampea 8.3. Hilo linahitaji fyuzi ya ampea 13. Redio inayovuta chini ya ampea moja haihitaji fyuzi hiyo. Ikiwekewa ya 13, waya wake mwembamba unaweza kuwaka moto kabla fyuzi haijakatika. Mteja akirudi na nyumba iliyoungua, muuzaji hana pa kujificha kwa kusema hakujua.

Kwenye sola ndiko hasara ilikojificha zaidi, kwa sababu wati hazionekani kwa macho. Lakini kuna kipimo ambacho hakihitaji mashine yoyote. Jua kali la saa sita mchana humwaga takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri zinazouzwa madukani hugeuza karibu moja ya tano ya hizo kuwa umeme, pengine kuzidi kidogo. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya paneli haitoi zaidi ya wati 200 na ushei.

Mfanyabiashara akiwa na futi ya fundi cherehani anaweza kupima. Paneli yenye upana wa sentimita 67 na urefu wa sentimita 102 ina eneo la mita za mraba 0.68. Hapo tegemea wati 140 au 150. Ikiwa karatasi ya nyuma imeandikwa wati 300, karatasi hiyo inasema uongo. Hakuna haja ya kubishana na wakala wa jumla.

Betri nayo ina hesabu yake. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina nishati ya wati-saa 1,200. Ikimalizwa kabisa kila usiku itakufa mapema, hivyo mafundi hushauri kutumia nusu, yaani wati-saa 600. Televisheni na taa zinazokula wati 80 kwa pamoja, zikiwashwa saa sita, hutumia wati-saa 480. Zinatosha. Ukiongeza friji bila kuongeza betri, mteja atarudi baada ya miezi michache akidai ameuziwa betri mbovu.

Panapovuja

Mtu anaweza kuuliza: kama haya yote yako kwenye mtaala, mbona waliomaliza sekondari bado wanapunjwa kama wengine? Jibu haliko kwenye orodha ya mada. Liko kwenye namna ya kufundisha.

Kwanza ni maabara. Fizikia ni somo la mikono. Mwanafunzi hutakiwa aning'inize rula ya mita kwenye uzi na kusawazisha mawe pande zote mbili, avute springi na kuandika inavyorefuka, aunganishe betri, waya na balbu. Katika shule nyingi, hasa za vijijini na za pembezoni mwa mipaka, vifaa hivyo hutolewa kabatini wakati mtihani unapokaribia. Mtoto anakariri kwamba kani ya kushoto mara umbali wake ni sawa na kani ya kulia mara umbali wake, anapata alama, na anapita kwenye kituo cha mizani kila likizo bila kuona kwamba ni kitu kilekile.

Pili ni lugha. Katika Kiswahili cha sokoni, "uzito" ni neno la kila kitu kinachobebwa. "Nguvu" ni ya msuli, ya injini, ya betri na ya serikali. "Joto" ni la jiko na ni la homa. Fizikia hutenganisha: tungamo ni wingi wa kitu, uzito ni kani ya dunia kukivuta, kani, nishati na kasi ya kufanya kazi ni vitu vitatu mbalimbali, joto si sawa na halijoto. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali ya Tanzania kwa Kiswahili hukutana na tofauti hizo kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza, akiwa bado anajifunza Kiingereza chenyewe. Mwenzake wa Bukavu hukutana nazo kwa Kifaransa.

Haimaanishi Kiswahili hakina maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wakuu wa nchi za Jumuiya walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwezi Februari 2021, pamoja na Kifaransa. Maneno yapo, hadhi ipo. Kinachokosekana ni mwalimu kuruhusiwa, na kusaidiwa, kumwambia mtoto wa muuza nafaka: hiki ndicho kile baba yako anachogombania sokoni.

Upande wa pili wa hoja

Wapo wanaosema mfanyabiashara hahitaji fizikia. Mama aliyeuza dagaa miaka 30 anajua kwa kushika tu kama wamekauka. Fundi wa kupakia lori anajua kwa jicho gunia likae wapi. Ni kweli, na uzoefu huo hauna budi kuheshimiwa. Vijana wengi wenye vyeti wangefilisika juma moja kama wangepewa kibanda chake.

Lakini uzoefu una mpaka wake. Mkono uliozoea dagaa wa Mwanza haujui paneli ya sola iliyoingia jana kutoka bandarini. Jicho lililozoea lori la ekseli mbili halijui trela la ekseli saba. Biashara ya mipakani inabadilika bidhaa kila msimu, na anayebaki na kanuni anaweza kuipima bidhaa asiyoijua. Mwenye uzoefu peke yake hulazimika kupata hasara kwanza ndipo ajifunze.

Vilevile, si haki kudai kila mtoto awe mhandisi. Hoja ni ndogo kuliko hiyo. Fizikia ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, ikifundishwa kwa vitendo, ndiyo inayobeba karibu kila kitu kilichotajwa hapa: kipimo, densiti, wenzo, uvukizi, wati na volti. Mambo magumu ya mbele yanaweza kuachiwa wanaokwenda chuo kikuu. Kwa hiyo nchi inayompa mtoto ruhusa ya kuiacha fizikia mapema ihakikishe kwanza kwamba sayansi jumuishi aliyosoma kabla ya hapo imemfikisha kwenye mizani na kwenye plagi, si kwenye ufafanuzi wa kukariri tu.

La kufanya

Wizara za elimu za nchi jirani zinaweza kuanza na jambo lisilo na gharama kubwa: kukubaliana juu ya orodha fupi ya majaribio ya lazima yatakayofanana kila nchi mwanachama katika sekondari ya chini. Mtoto aliyehama kutoka Taveta kwenda Holili, au kutoka Kobero kwenda Kabanga, angefika na daftari la majaribio linaloeleweka pande zote hata kama lugha na jina la darasa vimebadilika.

Shule za mipakani zina maabara kubwa nje ya geti. Kazi za mradi zinazotakiwa na mtaala wa Uganda, na zile za mtaala wa umilisi wa Kenya, zinaweza kufanyika sokoni: kulinganisha debe 10 za wauzaji 10, kukausha mahindi kwa njia tatu na kupima kila jioni, kupima eneo la paneli za dukani na kulinganisha na karatasi zake. Mamlaka za vipimo, kama Wakala wa Vipimo wa Tanzania na Shirika la Viwango la Uganda, zina maofisa wanaokagua mizani hukohuko. Saa moja ya ofisa darasani ingefaa kuliko mabango mengi.

Na vyama vya wafanyabiashara navyo vina sehemu yao. Mizani ya zamani iliyobadilishwa, betri iliyokufa, paneli iliyopasuka kona, vyote ni vifaa vya kufundishia vinavyotupwa kila mwezi.

Mzazi naye ana maswali matatu ya kuuliza kabla mtoto hajaacha fizikia. Je, ameshapima densiti ya kitu kwa mikono yake? Je, anaweza kusoma wati na volti nyuma ya kifaa na kusema kitavuta ampea ngapi? Je, anaweza kueleza kwa nini gunia likisogezwa nyuma ya lori mizani hubadilika? Majibu yakiwa ndiyo mara tatu, na achague anachopenda. Yakiwa hapana, karo imelipwa na mzigo haujafika.

Msimu wa mavuno ukifika, magunia yatapangwa tena kando ya barabara za mipakani, na ubishi wa debe na kilo utaanza upya. Safari hii pengine atakuwepo kijana mmoja aliyerudi likizo, atakayeomba kopo, maji na mizani, na kuumaliza ubishi mbele ya pande zote mbili.